Maswali yenu: neno “brumal” na ukoo wa maneno ya baridi

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia uwanja mmoja: maneno ambayo Kiingereza hutumia kwa mambo ya majira ya baridi. Iliyotuanzisha ni ya mwalimu wa Iringa, nayo tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Swali: Kwenye kifungu cha ufahamu nilichowapa wanafunzi wa kidato cha nne kulikuwa na maneno “brumal light”. Kamusi inasema tu kwamba brumal ni sawa na wintry, basi wanafunzi wakatafsiri “mwanga wa baridi”. Je, ni sahihi? Na kama maana ni moja, ya nini Kiingereza kuwa na brumal, hibernal, hiemal na wintry? (Mwalimu wa Kiingereza, Iringa)

Wanafunzi wako hawakukosea, Mwalimu, ila kiini cha neno kimewaponyoka. Brumal halikuanzia kwenye baridi. Lilianzia kwenye ufupi wa mchana.

Kilatini kina neno brevis, yaani “fupi”, ambalo ndilo mzazi wa brief na abbreviation. Umbo lake la kale la kutaja kilichopita vyote kwa ufupi lilikuwa brevima. Siku ambayo mchana wake ni mfupi kuliko zote za mwaka ikaitwa brevima dies. Neno linalosemwa kila mwaka husagika mdomoni: irabu ya katikati ikamezwa, v ikalainika ikawa u, likabaki bruma. Varro, mwanazuoni wa Roma wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alikwisha kuandika kwamba bruma imeitwa hivyo kwa sababu wakati huo mchana ni mfupi kabisa. Katika kalenda yao Waroma walizoea kuiweka siku hiyo tarehe 25 Desemba.

Msomaji wa Iringa anaweza kuuliza: siku kuwa fupi kuna uzito gani hata ipewe jina? Kwetu hauna. Dar es Salaam mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, hudumu kama saa 12 na nusu, na mfupi kuliko yote, wa Juni, saa 11 na dakika 43 hivi. Tofauti haifiki saa nzima, tena imegawanyika katika miezi sita, kwa hiyo hakuna anayeihisi. Roma tofauti hiyo ni ya saa sita: mchana wa Desemba hudumu saa 9 na dakika chache, wa Juni saa 15 na zaidi. London mchana wa Desemba hauzidi saa 8. Mtu huingia kazini gizani na kutoka gizani.

Jua lenyewe pia hukaa chini. Msimamishe Roma mtu wa urefu wa mita 1.7 adhuhuri ya siku ile ya bruma: kivuli chake kitalala chini mita 3.7, zaidi ya mara mbili ya kimo chake, na hiyo ndiyo adhuhuri. Siku hiyohiyo pale Iringa kivuli chake hakifiki nusu mita. Mwanga unaokuja kwa mshazari namna hiyo hupita kwenye hewa nyingi zaidi, hufika umechoka na una rangi ya manjano iliyofifia, na hutawanyika juu ya eneo kubwa la ardhi, ndiyo maana haupashi joto. Huo ndio “brumal light”. Ningewapa wanafunzi “mwanga hafifu wa siku fupi za baridi”. Ni maneno mengi, lakini hakuna lililo la bure.

Baadaye bruma ilivuka siku moja ikawa jina la majira yote ya baridi. Kisha Kifaransa kikalipokea kama brume na kulihamisha tena, safari hii kwenye ukungu, kwa kuwa siku zile fupi za Ulaya mara nyingi hutandwa ukungu. Wafaransa walipotunga kalenda yao ya mapinduzi, mwezi wa pili, ulioanza kama tarehe 22 Oktoba, waliuita Brumaire, mwezi wa ukungu. Wanafunzi wa historia wanaijua tarehe 18 Brumaire mwaka wa VIII: ndiyo 9 Novemba 1799, siku Napoleon alipoipindua serikali. Kiingereza nacho kina brume kwa ukungu, na brumous kwa kilichojaa ukungu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Brumous ni hali ya hewa unayoiona kwa macho, brumal ni majira. Asubuhi ya ukungu Lushoto mwezi wa Julai inaweza kuitwa brumous. Haiwi brumal.

Brumal liliingia Kiingereza katika karne ya 16 na tangu hapo limebaki neno la washairi na wataalamu wa viumbe. Hawa wa pili wamelihifadhi vizuri ndani ya majina ya kisayansi. Operophtera brumata ni nondo wa baridi, adui wa miti ya tufaha Ulaya. Dume huruka usiku wa Novemba na Desemba wakati wadudu wengine wengi wametoweka, na jike, ambaye hana mabawa ya kumwezesha kuruka, hupanda shina kwa miguu ili akatage juu. Kwa sababu hiyo wakulima hufunga utepe wenye gundi au grisi kuzunguka shina kabla Oktoba haijaisha. Atakayeufunga Desemba atakuta majike yameshapita.

Kuhusu wale wengine, hibernal na hiemal ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni hiems, neno la kawaida la Kilatini kwa majira ya baridi. Hiemal limetoka kwake moja kwa moja, na hibernal limepitia kivumishi hibernus, ambacho ndicho pia kilichozaa hiver ya Kifaransa na invierno ya Kihispania. Kwa hiyo brumal si ndugu yao, ni jirani. Wintry ndilo la wenyewe Waingereza, kutoka winter, neno ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na mzizi mmoja na water na wet: majira ya majimaji. Ulaya ya kaskazini, ambako Desemba ni mvua na tope kuliko theluji, maelezo hayo yanaingia akilini.

Katika matumizi, mwambie mwanafunzi aandike wintry kwenye insha na asijute. Hibernal utaliona kwa wanaikolojia, hasa wanaougawa mwaka wa nchi za baridi katika vipindi sita, hicho kikiwa cha mwisho. Hiemal ni adimu, ingawa ndege mdogo wa Marekani ya Kaskazini, Junco hyemalis, amelibeba katika jina lake tangu 1758. Brumal litumike pale tu mwandishi anapotaka ufupi wa siku na unyonge wa jua vihisiwe. Na wintry lina kazi ya kitamathali ambayo hayo matatu hayaifanyi: “a wintry smile” ni tabasamu kavu, la mdomo tu, lisilofika machoni.

Swali: Je, Hibernia, jina la kale la Ayalandi, maana yake ni nchi ya baridi? Na Himalaya? (Msomaji, Tanga)

Hibernia inadanganya. Wagiriki waliliandika jina hilo kwa sura kama Iouernia, kutokana na jina la wenyeji wa kisiwa. Sikio la Mroma, lililozoea hibernus, likalivuta kuelekea kwenye baridi na kuliongezea h na b. Ni kupotoshwa kwa jina geni lifanane na neno la nyumbani, jambo linalotokea katika kila lugha.

Himalaya ni kweli tupu. Katika Kisanskriti hima ni theluji na alaya ni makao, na hima huyo ni ndugu wa damu wa hiems.

Swali: Natafsiri riwaya inayosimulia Desemba huko Ulaya. Mhariri ananitaka niandike “kipupwe” kila penye winter. Naona haikai, lakini sina hoja. (Mfasiri, Nairobi)

Hoja unayo. Kipupwe kina miezi yake, Juni hadi Agosti, na kina sura yake. Masika yamekwisha, kusi inavuma, hewa ni kavu, usiku mtu anatafuta shuka ya pili, na mchana jua linawaka kama kawaida. Msomaji wa pwani akisoma “kipupwe cha Desemba” atadhani mpiga chapa amekosea mwezi. Kama riwaya ingekuwa ya Johannesburg, mhariri angekuwa na nusu ya haki, maana huko miezi ni ileile na hewa ni kavu vilevile.

Tatizo liko ndani zaidi ya neno moja. Kiingereza huugawa mwaka kwa joto na urefu wa mchana, na Kiswahili huugawa kwa upepo na mvua: kaskazi, masika, kusi, vuli. Watafsiri wa Biblia ya Union Version walikutana na ukuta huohuo kwenye Mwanzo 8:22, penye summer na winter, nao wakaandika “wakati wa kaskazi na wakati wa kusi”. Tunaiheshimu sana kazi hiyo. Aya ile inaahidi kwamba mzunguko wa mwaka hautakoma, na mzunguko anaouishi msomaji wa pwani ni wa pepo hizo mbili. Hawakutafsiri baridi, walitafsiri mzunguko. Lakini riwaya yako si ahadi kwa msomaji wa pwani. Ni picha ya mahali pengine, kwa hiyo njia yao haitakufaa.

Tunachokushauri ni kujiuliza, kila unapolikuta winter, ni kitu gani cha majira hayo kinachofanya kazi katika sentensi ile. Ikiwa ni tarehe tu, andika “majira ya baridi”, na pale mwanzo kabisa utaje mwezi ili msomaji ajue yako wapi kwenye kalenda. Ikiwa watu wamefungiwa ndani na njia hazipitiki, andika “majira ya theluji”. Ikiwa ni giza la saa kumi jioni, sema giza. Na ikiwa mwandishi anahesabu umri kwa “winters”, desturi ya Kiingereza cha kale ambamo mfalme aliyetawala miaka 50 husemwa ametawala majira 50 ya baridi, usihangaike na theluji. Andika miaka, au kama ni mzee anayesifiwa, sema amekula chumvi nyingi.

Kuhusu theluji, barafu na sakitu, ambazo umeziuliza chini ya barua yako, yapo ya kusema. Theluji ni thalj ya Kiarabu, na barafu ni barf ya Kiajemi na Kihindi. Huko zilikotoka mipaka si kama yetu: Mwarabu akisema thalj huweza kuwa ile inayoanguka kutoka mawinguni au kipande kilichomo kwenye glasi ya juisi, na barf ya Kihindi ni hivyohivyo. Kiswahili kiliyachukua maneno mawili yenye maana karibu moja na kuyagawia kazi, theluji kwa ile laini ya mawinguni, barafu kwa maji yaliyoganda. Ni mgawanyo safi, na mfasiri asiuvuruge kwa kuandika “barafu inaanguka” penye snow.

Kabla ya mgawanyo huo kukaa sawa, lilitosha neno moja. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani ya Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Akamuuliza kiongozi wake wa safari ni kitu gani kile, naye akamjibu “baridi”. Rebmann akaliandika neno kama alivyolisikia, Beredi, akaelewa kuwa ni theluji. Habari ilipofika Uingereza kuna wataalamu walioikataa, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kiongozi yule alisema sawa. Hakutaja kitu kilivyo machoni, alitaja kinachomfanya mtu anayekifikia.

Sakitu ni umande ulioganda, na hilo halihitaji Ulaya: wakulima wa Njombe na Makete wanalijua kutokana na viazi vyao vilivyoungua mwezi wa Juni na Julai. Hutokea usiku wa anga wazi usio na upepo. Jani hupoteza joto lake kuelekea angani haraka kuliko hewa inavyopoa, kwa hiyo kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kifua kinaweza kusoma nyuzi 2 au 3 za Selsiasi huku nyasi zimeshakuwa nyeupe. Mfasiri akikuta frost akaandika “theluji nyepesi”, amepotosha. Theluji huanguka. Sakitu haianguki, huota palepale.

Swali: Mtoto wangu amefundishwa kwamba mamba na kobe wa nchi za baridi hawafanyi “hibernation” bali “brumation”. Je, kuna tofauti ya kweli au ni mbwembwe? Na kamongo wetu anayejizika kwenye tope tumwiteje? (Mzazi, Mwanza)

Tofauti ipo. Hibernate limetoka kwa hibernus uliyemwona juu. Kwa Waroma hiberna ilikuwa kambi ambamo jeshi lilikaa miezi ya baridi likingoja njia zifunguke, na wataalamu wa viumbe wakalichukua kwa mnyama anayefanya kama jeshi lile. Kwa maana ya leo linahusu hasa mamalia wenye damu moto. Kalunguyeye wa Ulaya huacha mwili wake upoe kutoka nyuzi 35 hivi hadi kukaribia baridi ya shimo lake, na huishi kwa mafuta aliyojiwekea.

Mjusi, nyoka na kobe hawana joto la ndani la kupunguza. Mwili wao hufuata joto la mahali walipo. Kwa hiyo mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, Wilbur Mayhew, aliyekuwa akichunguza mijusi wenye pembe, alipendekeza waitiwe neno lao, akalichukua kutoka bruma ileile: brumation. Mnyama wa brumation halali fofofo. Siku ikipata joto huzinduka, akajongea, akanywa maji, akarudi.

Wafugaji wa kobe Ulaya wanaujua umuhimu wa jambo hili. Humwachisha kobe kula wiki mbili hadi nne kabla, kwa sababu utumbo ukipoa husimama, na chakula kilichobaki ndani huoza kobe akiwa hai. Kisha humweka kwenye nyuzi 5 hivi, wengine ndani ya friji iliyotengwa kwa kazi hiyo na kufunguliwa mara kwa mara ili hewa ibadilike. Ikishuka chini ya 0 macho yake huweza kuganda akapofuka. Ikipanda kupita 10 huzinduka nusu na kuchoma akiba yake bila kula. Kobe wetu wa mbugani, mwenye madoa kama ya chui, hana desturi hiyo kabisa. Akiwekewa friji atakufa.

Kamongo, au kambare mamba kama wengine mnavyomwita, anafanya jambo la tatu, estivation, kutoka aestas, neno la Kilatini kwa majira ya joto. Adui yake ni ukame, si baridi. Bwawa linapokauka huchimba topeni, hujikunja mkia ukifunika macho, na kutoa ute unaokauka ukawa mfuko mwembamba kama karatasi ya hudhurungi. Mfuko huacha tundu moja tu, mdomoni, la kuvutia hewa. Humo hujilisha misuli yake mwenyewe. Taka ya mwili ambayo samaki huitoa majini kama amonia, yeye huigeuza urea isiyomdhuru upesi, akaitunza hadi mvua irudi. Wa Ziwa Victoria lenyewe mara nyingi hana haja ya shida hiyo, maji hayamkimbii. Tabia hii huonekana zaidi kwa walio kwenye vinamasi na mabwawa yanayokauka. Konokono wa shambani anayeziba mlango wa gamba lake wakati wa kiangazi yuko katika kundi hilohilo.

Lemuri mmoja mdogo wa Madagaska, Cheirogaleus medius, analichanganya zaidi. Hulala kwenye tundu la mti hadi miezi saba kwa mafuta ya mkia wake, na watafiti wanakuita kulala huko hibernation, ingawa mchana tundu linaweza kuzidi nyuzi 30. Baridi imeshatoka kabisa kwenye neno. Kilichobaki ni kungoja.

Swali: Kompyuta yangu ina “sleep”, na rafiki ananiambia niweke “hibernate”. Zinatofautianaje? (Mwanafunzi, Bujumbura)

Kwenye sleep kazi yako hubaki kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme kidogo muda wote. Ukiiacha mkobani siku kadhaa betri huisha, na ulichokuwa hujahifadhi huenda. Kwenye hibernate kila kitu huandikwa kwenye diski, kisha mashine huzimika kabisa. Umeme ukikatika hakuna kinachopotea. Kwa mahali ambapo umeme si wa kutegemea, rafiki yako amekushauri vyema.

Kwenye Windows fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /hibernate on, bonyeza Enter. Kisha nenda Control Panel, Power Options, sehemu ya kuchagua kazi ya vitufe vya kuzimia, uweke tiki kwenye Hibernate. Kinachokwamisha wengi ni diski iliyojaa: mfumo hutenga faili kubwa iitwayo hiberfil.sys, ya gigabaiti kadhaa. Usijaribu kuifuta kwa mkono. Ukiihitaji nafasi hiyo, amri ileile yenye off badala ya on huiondoa.

Swali: Nimehamia Minnesota na sasa naendesha gari la kazi. Taarifa za hali ya hewa zinataja wintry mix, sleet, freezing rain na blizzard. Lipi nisitoke nalo nyumbani? (Dereva, Minneapolis)

Freezing rain. Tunaanza na hilo kwa sababu jina lake halitishi kama linavyostahili. Hiyo ni mvua ya maji kamili, inayoonekana kama mvua ya kwetu, ila ikigusa barabara, waya au kioo chenye baridi chini ya nyuzi 0 huganda palepale. Hufunika lami kwa ganda lisiloonekana, ambalo matairi ya theluji hayalishiki. Likifika milimita 6 matawi huvunjika na nyaya za umeme hukatika, na Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani huiita hali hiyo ice storm. Ubishe na mwajiri, lakini usitoke.

Sleet linahitaji uangalifu wa namna nyingine kwa sababu lina maana mbili. Marekani ni matone yaliyoganda angani yakafika kama punje za barafu. Utayasikia yakigonga na kuruka juu ya boneti. Uingereza sleet ni mvua na theluji vikianguka pamoja. Ukimpigia ndugu aliye London mkalizungumzia, hamzungumzi kitu kimoja. Wintry mix ni mchanganyiko wa theluji, punje hizo na mvua ya kuganda, na ukiisikia kwenye taarifa chukulia kwamba ile mbaya kuliko zote imo ndani.

Blizzard si theluji nyingi. Marekani kipimo chake ni upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, macho yasione mbele hata mita 400, na hali hiyo idumu angalau saa 3. Theluji mpya si lazima. Upepo ukiitimua ile iliyolala chini inatosha, huku juu anga ni bluu. Ukivuka kwenda Kanada kipimo ni kilomita 40 kwa saa na muda wa saa 4. Neno lenyewe lilikuwa la Wamarekani kwa kipigo kikali au mlipuko wa bunduki nyingi kwa pamoja, hadi gazeti moja la Estherville, Iowa, lilipoitia hivyo dhoruba ya theluji mwaka 1870. Ikikukuta njiani, kaa ndani ya gari. Chimbua theluji iliyoziba bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, washa dakika 10 tu kila saa, na acha dirisha wazi kidogo upande usiovumiwa na upepo. Wengi huliacha gari wakitafuta nyumba waliyoiona muda mfupi kabla, nao huipoteza nyumba na gari vyote viwili.

Swali: Hoteli yetu imeletewa trufeli nyeusi, bei ni ya juu kabisa, lakini lebo inasema Tuber brumale. Je, brumale ni “ya majira ya baridi” tu, au nimeuziwa kitu kingine? (Mpishi, Zanzibar)

Umeuziwa kitu kingine. Brumale maana yake ni ya majira ya baridi kweli, lakini hapa ni jina la aina nyingine ya uyoga huo wa chini ya udongo. Ile ya bei ya juu ni Tuber melanosporum, nayo huvunwa miezi ileile ya baridi, mara nyingine kwenye mizizi ya miti ileile, ndiyo maana hizi mbili huchanganywa.

Lowesha moja, uipige brashi, kisha kwaruza kwa ukucha. Ngozi ya brumale hubanduka kwa urahisi, ya melanosporum hushikilia. Kata kipande. Brumale ina mishipa myeupe minene, michache, kwenye nyama ya kijivu inayoelekea kahawia. Melanosporum ina mishipa myembamba mingi kama nyuzi kwenye nyama nyeusi yenye urujuani. Harufu ya brumale ni ya miski na udongo. Inalika vizuri: kwangua gramu 5 hadi 10 kwa sahani juu ya chakula kilichokwisha pakuliwa, maana ikipikwa harufu hukimbia, na uihifadhi kwenye friji ndani ya karatasi ya jikoni inayobadilishwa kila siku, isizidi wiki. Kwa kuwa lebo yenyewe imeandika brumale, piga picha lebo na kipande ulichokata, umpelekee muuzaji ukidai bei ya brumale.